Kikombe cha Tano

Nilimpiga mwanamke kwa chupa ya chai nikampasua juu ya jicho, na kosa lake lilikuwa kumpa mwanangu maziwa. Naanza na hilo ili mtu asije akasema nilificha. Wenzangu wakisimulia uzazi wao huanza na dua na vigelegele. Wangu ulianza na damu ukaendelea na damu, na mie sitaupaka poda.

Kwetu ni ndani ya delta, kijiji ambacho maji yakijaa yanagonga mlango na yakipwa yanaacha matope ya magotini. Mume wangu alikuwa akikata nguzo za mikoko. Mimba yangu ilikuwa ya miezi saba siku niliyokwenda kutanda uduvi kwa chandarua majini na wenzangu, nikasikia kitu kimekatika ndani, maji yakashuka miguuni. Nilizaa asubuhi ile ile kwenye mkeka wa mama mkwe, yeye kanibana mapaja kwa magoti yake, ananipigia kelele, "Sukuma, wewe! Sukuma! Unamuua!" Hilo ndilo neno mwanangu alilopokelewa nalo duniani.

Alitoka mtoto wa kiume, mwekundu, ngozi nyembamba unaona mishipa. Mtoto njiti. Hakulia, alikoroma tu. Mama mkwe alimviringisha kwa pamba na kanga, akamtia kifuani ndani ya gauni lake, tukapanda boti ya mashine hadi Nyamisati, na pale tukapata gari la kutufikisha hospitali Kibiti. Njia nzima nimelala sakafuni mwa boti natokwa damu, na kila nikiinua kichwa namwona mama mkwe anafunua gauni, anachungulia, anafunika. Hakunipa nimshike. Nami sikumwomba. Nilikuwa nangoja afunue aseme amekufa, tugeuze boti, nikalale.

Wodini watoto walikuwa chumba chao, kila mmoja ndani ya kisanduku cha joto, na sisi wazazi chumba cha pili. Kila baada ya saa tatu sista anagonga mlango, "Haya, wazazi, kukamua!" Tunakaa kwenye benchi mstari mmoja, matiti nje, vikombe mkononi, tunajiminya. Maziwa yanatiwa kwenye bomba la sindano lisilo na sindano, linainuliwa juu, yanashuka kwa mpira mwembamba uliopita puani kwa mtoto hadi tumboni.

"Mwanao hana nguvu ya kunyonya," sista aliniambia. "Kazi hiyo utamfanyia kwa mkono wako mpaka akue."

Siku ya tatu maziwa yangu yalikuwa hayajashuka. Mama mkwe akaomba maji ya moto jikoni, akaniingiza bafuni kunikanda kama mzazi anavyokandwa kwetu. Alinikanda tumbo, akanikanda mgongo, kisha akachovya kitambaa kwenye maji ya moto wa kuivisha yai, akakibandika kwenye ziwa na kuminya kwa mikono miwili. Nilimng'ata mkono. Nilimng'ata hasa, meno yakabaki pale. Wala hakuutoa.

"Ng'ata, mwanangu," alisema. "Sote tumeng'ata."

Jioni maziwa yakaja, matiti magumu, yanauma kama jipu. Na yalipokuja nikayachukia.

Watu wanadhani mzazi akiugua namna ile analia tu, anajikunyata kitandani. Labda wengine. Mie nilijaa ghadhabu. Nilimchukia sista kwa jinsi alivyokuwa akigonga mlango. Nilimchukia mume wangu aliyekuja kwa siku moja, akachungulia kisandukuni, akasema "Mashallah" kwa sauti ya woga, akarudi mikokoni. Nilimrushia sahani ya wali mgongoni. Zaidi ya wote nilimchukia yule kiumbe wa kisandukuni, kifua chake kikipanda na kushuka, kana kwamba amekuja kunidai roho yangu. Siku ya tano nilisimama mbele yake, nikauweka mkono juu ya mpira wa puani, nikajiona nauvuta. Nilijiona kabisa. Nikaukimbia ule mkono wangu mwenyewe hadi chooni, nikapiga ukuta ngumi mpaka vifundo vikachubuka. Mama mkwe alipouliza, nikamwambia nimeteleza.

Kuanzia siku hiyo nikawa nakamua kikombe kimejaa, napita bafuni, namwaga kwenye karo. Narudi na matone. "Sista, hayatoki."

Kwetu husema mzazi mwenye hasira asinyonyeshe mpaka atulie, maana maziwa yake yamechacha ndani. Nilijificha nyuma ya maneno hayo. Nilijiambia namlinda mtoto. Uongo mtupu! Nilitaka jambo lile liishe, kwa njia yoyote litakayoisha, nami nisiwe nimeuvuta mpira. Kumwaga hakukuwa na kelele. Nikamwaga siku nne, na siku ya tano maziwa yakanisikia. Nikaminya, nikaminya, kikombe kikavu.

Mtoto alipimwa kila asubuhi, na kila asubuhi mizani ilirudi nyuma. Sista hakuwa mtu wa kuzunguka mbuyu.

"Maziwa ya kopo tumbo lake haliyawezi bado," alisema. "Asipopata ya mama leo na kesho, tunampoteza. Umenielewa?"

Nilimwelewa. Nilichohisi ni usingizi.

Kitanda cha jirani alilala mwanamke wa Mbwara, mkulima wa ufuta, mtu wa miraba minne, mcheshi ajabu. Binti yake alikuwa kisanduku cha pili kutoka kwa mwanangu. Huyo alikuwa na maziwa! Akigusa tu yanaruka. Alikuwa akikamua hata ya kutupwa, na nilipokuwa nikimtazama mkono uliniwasha. "Wewe wa delta umezoea kamba wadogo," alikuwa akinitania. "Mie ng'ombe wa bara, utanishinda wapi?" Sikumjibu hata siku moja, naye hakuacha.

Aliposikia maneno ya sista, akainuka na kikombe chake. "Si haya hapa? Mpeni."

Sista akaangalia kadi zetu za kliniki, akaona vipimo vyote salama, akatuuliza kila mmoja kama ameridhia. Mie nikainua bega. Aliyesimama kati ni mama mkwe. Baba yake alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani, alimsomesha mwanawe wa kike sawa na wa kiume, na kwa mambo hayo hakuna wa kumdanganya.

"Mara nne," alisema. "Nne tu. Mtoto akishiba maziwa ya mwanamke mara tano, huyo ni mama yake, na watoto wa huyo ni ndugu zake, hawaoani mpaka kiama. Sisi na Mbwara tunaoana tangu mababu. Sifungi mlango wa ndoa kwa kikombe cha plastiki."

"Lakini hanyonyi, mama," sista alisema. "Yanapita puani."

"Yapite puani, yapite mdomoni, tumbo ni lile lile."

Yule wa Mbwara akaangua kicheko. "Loo! Mchumba wa binti yangu, mahari hajatoa, ameshaanza kula kwa mkwe!"

Wodi nzima ikacheka isipokuwa mie. Hesabu ya mama mkwe ilikuwa kwamba vikombe vinne vinatosha kutufikisha jioni, na hadi jioni yangu yatakuwa yamerudi. Hakujua nimeyafanya nini. Alishika pembe ya kanga yake, na mtoto alipomaliza kikombe cha saa kumi na mbili asubuhi, akafunga fundo moja. Saa tatu, fundo la pili. Saa sita, la tatu. Uso wa mtoto ukaanza kuwa uso wa mtu. Kila fundo lilipofungwa nilikaa kwenye benchi nikiyapiga matiti yangu kwa viganja, na si kwa kumhurumia mtoto. Ilikuwa aibu, na aibu kwangu hugeuka hasira kabla sijaijua jina.

Saa tisa nikaingia chumba cha visanduku. Yule wa Mbwara ameshika bomba juu, kainama karibu na kioo, anasema na mwanangu kwa sauti ya chini, "Kunywa, mkwe wangu. Kunywa, bwana harusi." Na mtoto akafumbua macho. Sikuwa nimepata kuyaona macho yake. Siku zote tisa aliyafumba nilipokuja, na sasa ameyafumbua, anamtazama yeye.

Chupa ya chai ya masista ilikuwa mezani. Sikumbuki kuishika. Nakumbuka kishindo, kioo cha ndani kikipasuka, chai ya moto ikinimwagikia mkononi, na nyama ya nyusi yake ikifunguka. Nikawa napiga kelele, "Mchukue! Mchukue basi, awe wako! Mchukue!" Nikainua chupa mara ya pili. Sista akanirukia kwa nyuma, wazazi wenzangu wakanikamata mikono, mmoja nikampiga teke la tumbo, na mshono wake wa kuzalia bado mbichi. Mungu anisamehe. Mama mkwe akanizaba kofi, akanizaba la pili, nikakaa chini.

Na yule wa Mbwara hakuushusha mkono. Damu inamwingia jichoni, inamdondoka kidevuni, yeye kasimama vile vile, bomba juu, mpaka maziwa yakaisha yote. Ndipo akamkabidhi sista bomba na kusema, "Sasa naomba kitambaa."

Mama mkwe akafunga fundo la nne kwa mkono ule ule ulionipiga.

Walimshona nyuzi sita. Mie sista alinipeleka chumba kidogo, akafunga mlango. Nilidhani anaita polisi. Akaniuliza kama nalala. Akaniuliza kama nakula. Akaniuliza, kwa sauti ile ile ya kuuliza kama nakula, kama nimewahi kuwaza kumdhuru mtoto. Nikasema ndiyo. Nikamwambia habari ya mpira, na ya karo, siku zote nne. Hapo ndipo nililia, mara yangu ya kwanza tangu nizae, nikalia kwa kupiga kichwa meza, naye akaweka kiganja chake kati ya kichwa changu na ile meza.

"Hiyo ni sonona ya uzazi," alisema. "Ugonjwa, kama malaria ilivyo ugonjwa. Utamwona daktari leo hii. Hasira hizi si tabia yako."

"Nyingine ni tabia yangu, sista."

"Basi hizo hatuna dawa yake," akasema, na ninaapa nusura tucheke.

Jioni ikaja bila kikombe cha tano. Niliminya saa nzima nikapata tone ambalo lisingelowesha ulimi wa sisimizi. Yule wa Mbwara alikuwa amelala na bandeji, hakuna aliyethubutu kumwomba, na mama mkwe alikaa kwenye kiti cha mlangoni, kanga yenye mafundo manne mapajani. Mtoto akawekewa dripu ya sukari.

Asubuhi, kabla sista hajagonga, binti wa yule wa Mbwara alikata roho. Mapafu, sista alisema. Nilimuuliza mara tatu kama si mimi, kama si lile pigo langu lililomshtua mama yake, na mara tatu akaniambia mapafu, hayakuwa yamekomaa, alikuwa akisahau kupumua tangu siku ya kwanza. Mpaka leo kuna asubuhi naamka namuuliza mara ya nne.

Ndugu wa yule wa Mbwara walifika mapema. Maiti ya mtoto ikaoshwa, ikafungwa nguo nyeupe, haikuzidi mkono wa mtu mzima. Bibi yake akaipakata nje, gari likingoja. Mama mtu mwenyewe akabaki kitandani anafungasha vyombo vyake, uso umevimba upande mmoja, na gauni lake limelowa kifuani mduara na mduara. Mwili haujaambiwa kwamba binti amekufa.

Saa hiyo hiyo sista akatoka mbio chumba cha visanduku. Mwanangu alikuwa akitetemeka, sukari imeshuka. "Dripu peke yake haitoshi," alisema. "Nahitaji maziwa. Sasa."

Nilisimama mbele ya kitanda cha yule mwanamke. Nilitaka kuomba. Uombe vipi? Umempasua mtu uso jana, leo anazika, uombe maziwa? Nikapiga magoti sakafuni, basi, nikainamisha kichwa. Niliona miguu yake. Nilitamani anipige teke.

Aliketi. Akachukua kikombe, akafungua gauni, akakamua, titi moja kisha jingine, machozi yanashuka na maziwa yanashuka. Kikajaa. Mama mkwe alikuwa ameshafika mlangoni.

"Mwanangu," alimwambia, kwa upole ambao sikuwa nimewahi kuusikia kwake, "pole kwa msiba. Lakini hicho ni cha tano."

"Najua, mama. Hata mie nilikuwa nahesabu." Akafuta uso kwa mkono wa gauni. "Jana huyu alisema nimchukue. Simchukui. Mtoto ni wake. Ila kikombe hiki nataka kiingie. Nimezaa watatu, wawili wako udongoni, na leo wa tatu anawafuata. Nataka mmoja aliye juu ya ardhi aniite mama."

Mama mkwe akanigeukia, mie pale chini. "Wewe ndiye mzazi wake. Unasemaje?"

Tangu kwenye mkeka hadi siku ile mama mkwe hakuwa ameniuliza hata mara moja nasemaje.

"Mpe, dada," nilisema. "Ashibe."

Aliinua bomba mwenyewe. Tulisimama watatu hatupumui, mpaka mtoto akaacha kutetemeka, rangi ikarudi midomoni. Mama mkwe akashika pembe ya kanga afunge, vidole vikamkatalia. Nikaichukua, nikafunga fundo la tano mimi, nikalivuta kwa meno likaze.

Nje walikuwa wakimwita. Yule wa Mbwara akanitia kikombe kitupu mkononi. Kisha, mbele ya watu wote, akanishika ziwa kwa mkono wake wa jembe akaniminya kwa nguvu zake zote. Nilipiga ukelele. Hakuacha. Alinisukuma hadi ukutani, akanibana pale, akaminya tena na tena, ananihemea usoni, "Toka! Toka, mbwa wewe! Toka!" Sikujua anayatukana maziwa au ananitukana mie, na nadhani hata yeye hakujua. Tone likatoka. Likafuata jingine, la njano, zito.

"Sasa kamua," alisema. "Kila saa. Si kwa ajili yako. Mie naenda kuzika mwanangu mmoja, na huyu wa pili nakuachia. Akifa, nitarudi nikuue."

Nilimwamini. Nilimeza vidonge vya daktari na nikakamua. Nilikamua na malengelenge ya chai mkononi, nikakamua titi likitoa damu, nikakamua huku nawatukana wote waliokuja kunipa pole. Matone yakawa kijiko, kijiko kikawa nusu kikombe. Mizani ikasimama, kisha ikapanda. Walinifunga mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, mchana kutwa, nami nikawa nasikia moyo wake ukinigonga mbavu. Sitasema siku fulani nilimpenda. Ilitokea siku moja sista alimchukua kumpima, na nikagundua nimemfuata hadi kwenye mizani nimekunja ngumi. Arobaini yetu ilitukuta wodini. Siku ya kwanza aliponyonya mwenyewe aliniuma na fizi zake, nikasema, "Huyu wangu."

Mume wangu nilimwomba radhi kwa ile sahani. Yule niliyempiga teke tumboni aliruhusiwa kabla sijamwomba, nami simjui kwao. Mama mkwe huifua kanga yake bila kuifungua. Mafundo matano yapo mpaka leo.

Na kila Idd tunavuka, tunapanda hadi Mbwara. Yule mwenzangu hajajaliwa mtoto mwingine. Mwanangu ameanza chekechea, ana ubishi na mkono mwepesi, na anajua ana mama wawili, wa majini na wa bara. Kovu la juu ya jicho la huyo wa bara amelizoea tangu anatambaa. Kila akimuuliza, huambiwa, "Niliangukia mchi, baba." Mie nakuwa pale pale napeta mchele. Miaka yote hiyo amenidanganyia bila mie kumwomba.

Idd hii mtoto alikuwa amekaa mapajani mwa yule wa Mbwara, akalipitisha kidole lile kovu kutoka mwanzo hadi mwisho, akauliza tena.

"Mama, hivi mchi una ncha?"

Akafungua mdomo aseme uongo wake. Nikamtangulia.

"Si mchi," nilisema. "Ni mimi. Nilimpiga na chupa, huku wewe unaona."

Aliteremka mapajani. Akanijia pole pole, akanitazama usoni, kisha akanipiga ngumi ya mdomo. Ngumi hasa, ya kwangu mimi kabisa, jino likanikata ndani ya mdomo.

"Wee!" yule wa Mbwara akamrukia, akamdaka mkono. "Una wazimu? Mama hapigwi!"

"Kampiga mama!" mtoto alilia, anajinyofoa, ngumi ya pili iko juu. "Kampiga mama!"

Nilimeza damu. Nikamwambia amwachie mkono.